Injini Inayochemka Ukambani: Anzeni na Maji

Gari likichemka mara moja njiani, huenda ni mpira wa maji uliopasuka, na fundi yeyote atalirudisha barabarani kabla ya jua kutua. Kinachowafilisi wenye magari Kitui na Makueni ni lile linalochemka tena baada ya radieta mpya, tena baada ya thamostati kutolewa, na tena baada ya gasketi ya hedi kubadilishwa. Kila fundi alifanya kazi aliyoijua, kila kipuri kililipiwa, na bado mvuke unafuka pale pale mlimani. Nataka kuufuatilia mlolongo huo hatua kwa hatua, kwa sababu naamini chanzo chake katika kaunti hizi mbili hutiwa kwa mkono, lita kwa lita, kutoka kwenye jerikeni.

Chukua Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 ambayo bloku na hedi yake ni alumini. Inabeba watu na magunia kutoka Kitui mjini kwenda Mutomo na Ikutha, au kutoka Wote kupanda milima ya Mbooni. Ugonjwa huanza padogo: sili ya pampu ya maji inachoka na kutoa matone. Hayafiki chini yakaonekana. Yanakaukia kwenye pampu yenyewe, moto ulipo, na kuacha mchirizi mweupe chini ya tundu dogo ambalo mtengenezaji aliliweka makusudi ili lionyeshe uvujaji huo. Dereva hauoni mchirizi, anaona tu maji yamepungua, basi anaongeza. Kesho yake anaongeza tena. Na anachoongeza ni maji ya kisima kilicho karibu na steji.

Sehemu kubwa ya Ukambani imekaa juu ya miamba ya kale sana, na maji ya visima virefu hupita taratibu katika nyufa za miamba hiyo yakiyeyusha madini. Wenyeji hawahitaji maabara kuwaambia kwamba visima vingi vya huku ni vya chumvi. Chai ndiyo inayowaambia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1,000 za madini yaliyoyeyuka kwa kila lita huanza kukataliwa na ulimi. Lakini injini haina ulimi. Itapokea chochote, na itakachokipokea itakikausha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme lita moja ya maji ya kisima ina miligramu 500 za chokaa na jamii yake, na dereva anaongeza lita moja kila siku kwa miezi sita. Hizo ni lita 180, na ndani yake mlikuwa na gramu 90 za madini, zilizopitishwa katika mfumo unaobeba lita tano hivi tu. Maji yakitoka kama mvuke, madini yote hubaki ndani. Yakivuja kama maji, hutoka na sehemu ya chumvi, lakini chokaa huwa tayari imeshaanza kuganda mahali fulani.

Mahali hapo ndipo kiini cha shauri zima. Sukari huyeyuka zaidi katika maji moto. Chokaa ya maji hufanya kinyume, huachana na maji kadiri yanavyopata joto. Kwa hiyo haigandi kwanza kwenye radieta, ambako maji yanapoa. Inaganda ndani ya hedi, kando ya njia za moshi, na kati ya silinda na silinda, yaani pale pale injini inapohitaji maji kuliko pengine popote. Ni ukoko ule ule unaoganda ndani ya birika la nyumbani, ila huu umejificha nyuma ya ukuta wa alumini. Nao hupitisha joto kwa shida: alumini ya hedi hulipitisha mara 50 hivi au zaidi kuliko ukoko huo. Utando wa milimita moja unatosha kuifanya sehemu moja ya hedi iungue huku maji yanayopita kando yake yakionekana ya kawaida.

Sasa tuyaangalie matengenezo yale matatu tukiwa na picha hiyo mkononi.

Radieta mpya ndiyo huja kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Nafuu hupatikana kwa wiki kadhaa, kwa maana radieta safi hupoza vizuri zaidi na kuuficha udhaifu wa hedi. Kisha linakuja pandisho refu na mzigo kamili, na yale yale yanarudi.

Halafu thamostati inatolewa. Desturi hii imeenea mno katika gereji zetu, na napenda kuipinga waziwazi. Hoja ya mafundi ni kwamba mlango ukiondolewa maji yatapita kwa wingi. Lakini katika injini nyingi thamostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya radieta, inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye radieta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yanayochemka inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Gari hilo litaenda vizuri tambarare asubuhi, petroli ikiliwa zaidi kwa sababu injini haifikii joto lake la kazi, kisha litachemka mlimani mchana. Thamostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 84. Kuipima hakuhitaji chochote zaidi ya sufuria, jiko na kipimajoto.

La tatu ni gasketi. Hapa gharama ni kubwa, na hapa ndipo uzembe wa vipimo huumiza zaidi. Hedi iliyoungua hupinda. Kwa injini hii kiwango cha juu cha kupinda kinachokubalika upande wa chini wa hedi ni milimita 0.05, unene ambao jicho haliwezi kuuona. Huonekana kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, kazi ya dakika chache. Fundi asiyepima anaweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, na gesi ya mwako inapata njia ya kuingia kwenye maji upya. Boliti nazo zina utaratibu wake: kaza hadi Nyutoni-mita 29 kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Anayekaza kwa hisia ya mkono anakisia. Hata hivyo, hata hedi ikisawazishwa kwenye mashine na kufungwa inavyopasa, ukoko ukiachwa ndani itapinda tena. Gasketi iliyokufa ilikuwa majeruhi wa joto, na joto bado lipo.

Katikati ya haya yote kuna kifaa ambacho karibu hakuna anayekitazama, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya hedi: kifuniko cha radieta. Mji wa Kitui uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, siyo 100. Kifuniko chenye namba 0.9 huyabana maji kwa shinikizo la karibu kilopaskali 88, na kwa kubanwa huko hayachemki mpaka yakaribie nyuzijoto 116. Hizo nyuzi 20 ndizo nafasi yote ya usalama ambayo dereva anayo anapopanda Mbooni mwezi wa Februari. Springi ikilegea, au mpira wa kifuniko ukipasuka, nafasi hiyo inatoweka na injini nzima kabisa itachemka. Kifuniko pia kina vali ndogo ya kunyonya maji kutoka kwenye tangi la akiba injini inapopoa. Ikikwama, asubuhi utaukuta mpira wa juu umebonyea na hewa imeingia mahali pa maji.

Ningependa basi fundi aanze kwa kumsikiliza dereva kabla ya kushika spana. Gari huchemka lini? Likichemka limesimama injini ikiwaka, na likapoa linapokimbia, chunguza feni, waya zake, swichi yake, na kava inayoelekeza upepo. Likiwa sawa mjini lakini likachemka kwenye pandisho au kwenye mwendo mrefu wa kasi, shaka ni mtiririko wa maji, radieta, ukoko au gasketi. Likitapika maji baada tu ya kuzimwa, shika kifuniko kwanza. Lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imeongeza magari ya kundi la pili: zamani kwenye vumbi hakuna aliyeweza kukimbia na mzigo kamili kwa saa nzima, leo inawezekana, na injini zenye ukoko zinaumbuka huko.

Baada ya maswali, vipimo. Injini ikiwa baridi, mfumo unapimwa kwa pampu ya shinikizo kuona kama unashikilia. Kifuniko kinapimwa kwa pampu hiyo hiyo. Kisha kipimo cha gesi: dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa radieta hugeuka manjano ikikutana na hewa ya ukaa kutoka kwenye silinda. Jibu hilo linaamua kama hedi itafunguliwa au la, na ni aibu kufungua hedi ya mtu bila kulipata kwanza. Mwisho, kipimajoto cha miale kinapitishwa juu ya radieta na mipira yake. Mabaka baridi kwenye uso wa radieta maana yake mirija imeziba. Radieta ikiwa na joto linalopungua sawasawa huku hedi ikiwaka upande mmoja, ukoko umo ndani.

Kuutoa ukoko ni kazi ya subira. Asidi ya sitriki, ile inayotumika katika vyakula, gramu 50 hivi kwa lita ya maji safi, huzungushwa ndani ya injini ikiwa na joto la wastani, kisha humwagwa na mfumo kusuuzwa mara nyingi hadi maji yatoke meupe. Asidi ya betri na dawa za kusafishia vyoo zisikaribie injini ya alumini. Zitaila hedi pamoja na ukoko. Mwenye gari aambiwe mapema pia kwamba radieta au pampu ya zamani inaweza kuanza kuvuja baada ya kusafishwa, kwa kuwa chokaa ndiyo iliyokuwa imeziba matundu.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Reli ilipopita Kibwezi na Makindu mwishoni mwa miaka ya 1890, ilikuja na injini za mvuke, na popote zilipotumika duniani injini hizo zilisimamishwa kwa ratiba ili bwela lioshwe na ukoko utolewe. Watu wa reli walilifanya jambo hilo kuwa sehemu ya kazi, hawakungoja bwela lipasuke. Sisi tumerithi injini ndogo zaidi zenye njia nyembamba zaidi za maji, na ratiba hiyo tumeiacha.

Dawa ya kudumu iko juu ya paa. Maji ya mvua yamepita hewani tu, hayajagusa mwamba, na karibu hayana madini. Ukambani ni nchi ya matangi: shuleni, makanisani, majumbani, mabati yanakinga mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kutegemewa huku. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la paa, kisha jerikeni moja ijazwe, ifungwe, na ikae ndani ya gari. Maji ya kuchota kwenye mchanga wa mito na mabwawa ya mchanga kwa kawaida ni laini kuliko ya visima virefu, lakini nayo yana madini yake, kwa hiyo yawe ya dharura.

Na kulanti iwemo. Nimesikia mara nyingi kwamba kulanti ni ya nchi za theluji. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Nusu kwa nusu na maji ya mvua, huinua kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, hulinda sili ya pampu, na dawa zake huikinga alumini dhidi ya kutu na mashimo ambayo chumvi ya visima huyatoboa. Ukiichanganya na maji ya kisima unaiharibu, kwa kuwa madini yale yale humaliza nguvu ya dawa hizo.

Kuhusu visima vyenyewe, kamati nyingi za maji zina karatasi zisizotumika. Kisima kikichimbwa kwa kufuata sheria, maji yake hupimwa maabara na matokeo kuandikwa. Chama cha wenye matatu kinaweza kuiomba kamati ya kisima karatasi hiyo na kusoma mistari miwili tu: ugumu wa maji na kloridi. Asiyepata karatasi achemshe lita mbili kwenye sufuria safi mpaka zikauke, aangalie kilichobaki chini.

Gari likishafungwa, hewa itolewe: pua ya gari iwe juu, hita ifunguliwe hadi mwisho wa joto, kifuniko kiwe wazi mpaka mapovu yaishe na thamostati ifunguke, mpira wa chini ukipata joto ghafla. Katika wiki ya kwanza kiasi cha maji kiangaliwe kila asubuhi injini ikiwa baridi, na kiandikwe. Kikishuka hata kidogo, gari lirudi gereji siku hiyo hiyo, na fundi aanze kutafuta pale kwenye tundu dogo la pampu.