Ustadi wa Mfugaji Nyuki Husomwa Penye Majana

Mfugaji nyuki wa Turbo, magharibi ya Eldoret, akiulizwa ujuzi wake, aghalabu hujibu kwa kutaja miaka aliyorina au idadi ya mizinga aliyotundika. Na majibu hayo, ingawa hayana uongo, hayatoshi, kwa maana mtu aweza kurina umri mzima kwa kuchoma na kufyeka kila sega, ilhali mizinga yake mingi yaning'inia mitupu.

Zamani, kwenye mzinga wa gogo, fundi alipima hali ya kundi kwa mvumo, harufu na uzito tu, na haukuwa ustadi mdogo. Lakini mzinga wa fito, uliobuniwa nchini Kenya mwaka 1971 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada, uliongeza kipimo kingine: kila ufito una upana wa milimita 32, sawa na nafasi ambayo nyuki wetu huiacha wao wenyewe kutoka kitovu cha sega hadi kitovu cha sega, na kwa hiyo sega moja hunyanyuliwa, likatazamwa, likarudishwa bila kuvunjwa.

Hapo ndipo mjuzi hujitenga na mjivuni. Hulishika sega wima kama lilivyokuwa likining'inia, madhali halina waya, na likilazwa penye joto hukatika kwa uzito wa asali. Kisha hulipa jua mgongo wake, mwanga uingie vijumbani. Yai la siku ya kwanza husimama, la pili huinama, la tatu hulala, kisha huanguliwa. Basi aonaye mayai yaliyosimama ana yakini kwamba malkia alikuwapo jana au leo, naye hana haja ya kumsaka ufito kwa ufito mpaka nyuki wakasirike, kama afanyavyo asiyejua. Akikuta kijumba cha malkia kilichozibwa, atakumbuka kwamba huzibwa siku ya 8 hivi tangu yai kutagwa na malkia hutoka siku ya 16, na kwamba kundi linalotaka kugawanyika huondoka takriban wakati wa kuziba. Hivyo huenda nusu ya nyuki wamekwisha kwenda zao.

Kilo za asali ni shahidi dhaifu. Avunaye masega yasiyozibwa na akiba ya nyuki hupata kilo nyingi mwaka huu, kisha asali yake, ikiwa na maji zaidi ya asilimia 20, huchachuka, na kundi huhama. Heri kuhesabu makundi yaliyorinwa ambayo yangalimo mzingani baada ya ukame wa Januari na Februari. Hata hesabu hiyo yataka insafu, kwani tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia mashambani mwaka 2017, jirani apigaye dawa asubuhi, mahindi yakiwa yametoa mbelewele na nyuki wakichuma chavua, aweza kuangamiza kazi ya mtu hodari. Ingawa hodari hasa, kwa rai yangu, alikwisha kumwendea jirani huyo kumwomba apige jioni.

Lau ningepewa kumtahini mfugaji, ningemfungulia mzinga wenye majana yaliyozibwa lakini usio na yai hata moja. Mwenye pupa atasema malkia amekufa. Mjuzi hatahukumu, kwa kuwa yamkini yumo mwanamwali ambaye hajaanza kutaga. Atachukua ufito wenye mayai na majana machanga kutoka mzinga mwingine, atawapangusa nyuki wake, atautia humo kati, na kufunga. Akirudi baada ya siku 4 au 5 akaona vijumba vya malkia vimeanza kujengwa juu ya sega lile, kundi li yatima. Asipoviona, atafunika kifuniko na kuwaacha nyuki wake.