Pete ya FtsZ

Bakteria wa Escherichia coli ana urefu wa mikromita mbili hivi, na maji yaliyomo ndani yake huusukuma ukuta wake kwa nguvu bila kupumzika. Akishiba, kwenye joto la nyuzi 37, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kila mara hulazimika kujenga ukuta mpya kiunoni na kujikata papo hapo bila kuvuja, kazi ngumu kuliko kuziba mpira wa baiskeli uliojaa upepo. Naistahi mno kazi hii.

Inayoianza ni protini iitwayo FtsZ. Katika miaka ya 1960, Yukinori Hirota na wenzake walichambua bakteria waliobadilika kijeni, ambao kwenye nyuzi 42 walizidi kurefuka kama uzi. Walikula na kukua, ila kugawanyika kuliwashinda; kwa baadhi yao, FtsZ ndiyo iliyokuwa na kasoro. Mwaka 1991 Erfei Bi na Joe Lutkenhaus, wakitumia hadubini ya elektroni, walionyesha kwamba FtsZ hujipanga pete pale pale seli inapojikata.

Lakini kiumbe asiye na macho wala rula atapajuaje katikati? Hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Protini MinC na MinD hukusanyika kwenye ncha moja ya seli, MinE huzibandua, nazo hukimbilia ncha ya pili, zikabanduliwa tena. Kwenda na kurudi huchukua kama dakika moja. MinC huizuia FtsZ kujipanga, na kwa kuwa muda mwingi MinC iko kwenye ncha, katikati ndipo panapobaki na nafasi. Protini nyingine, SlmA, hushika DNA na kuzuia pete isijengwe juu ya kromosomu ambazo bado hazijaachana. Kipimo cha protini za Min kimetokana na mwendo tu.

Pete yenyewe si duara moja zima. Ni nyuzi fupi fupi: mbele huongezwa FtsZ mpya, nyuma zile za zamani hudondoka, kwa nishati ya molekuli iitwayo GTP. Uzi husonga, ilhali kila FtsZ iliyomo imesimama mahali pake. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba nyuzi hizo, zikizunguka kiuno, huongoza pia mwendo wa vimeng'enya vya kujenga ukuta. Kwa hiyo ukuta hutandazwa pande zote, hauvimbi upande mmoja.

Wajenzi ni FtsW, anayeunga sukari kuwa mnyororo, na FtsI, anayeifunga minyororo hiyo kwa viungo vya peptidi. FtsI ni mojawapo ya shabaha za penisilini. Mwaka 1940 A. D. Gardner aliona kwamba dozi ndogo ya dawa hiyo, isiyotosha kuua, huwafanya bakteria warefuke badala ya kugawanyika: ukuta wa kati ulikuwa umekwama.

Hatua ya mwisho ni ya wakataji. Ukuta mpya huanza ukiwa mali ya seli zote mbili, na vimeng'enya viitwavyo amidase huupasua katikati, vikiruhusiwa kufanya kazi pale tu panapojengwa, maana vikizagaa seli itapasuka. Escherichia coli aliyenyang'anywa amidase zake tatu huukamilisha ukuta, lakini seli zake hubaki zimeshikana, moja nyuma ya nyingine, mnyororo mrefu.