Panyabuku Anavyopanda Levo

Mchezaji wa World of Warcraft anayefuga viumbe wa vita ana njia ya mkato anayoijua vizuri. Tangu mapigano ya viumbe yaingizwe kwenye mchezo huo mwaka 2012, timu huwa na viumbe watatu. Ukitaka kumkuza mchanga wa levo 1, unampanga pamoja na wakongwe wawili wa levo 25. Mchanga anaingia ulingoni kwa raundi moja, anatolewa, wakongwe wanamaliza kazi, na pambano likiisha naye anagawiwa pointi, alimradi hakuuawa. Katika Pokémon ilikuwa rahisi zaidi: kwa miaka mingi ulimwacha kiumbe wako kwa mlezi, ukaenda zako, na kila hatua uliyotembea ilimwongezea pointi moja. Kiumbe anakua bila kupigana.

Kijana wa Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, anayecheza michezo hii kwenye simu anapaswa kujua kwamba katika nchi yake hiihii kuna wanyama wachanga wanaopandishwa levo kweli, na huko pointi za bure hazipo. Kazi hiyo inafanyika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya shirika la APOPO, na mnyama mwenyewe ni panyabuku, yule panya mkubwa wa mashavu yenye mifuko, anayefundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mtu aliye popote duniani anaweza kumfadhili panya mmoja kupitia mtandao na kuletewa taarifa za hatua aliyofikia, kama mchezaji anavyomfuatilia kiumbe wake. Tofauti ni kwamba panya huyu akihitimu, kuna mtu atatembea juu ya ardhi aliyoikagua.

Kwa watu wa Ngara jambo hili si la mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakajaa kwenye kambi ya Benaco, Ngara. Ardhi waliyoiacha nyuma ilikuwa na mabomu ya kutegwa, na Rwanda ilikuja kutangaza kuwa imeyamaliza mwaka 2009. Panya wa Morogoro walianza kazi kwingine, Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini yaliyojulikana mnamo Septemba 2015.

Wazo lilitoka kwa Mbelgiji Bart Weetjens, mbunifu wa vifaa ambaye utotoni alifuga wanyama wa jamii ya panya. Mwaka 1997 mradi ulianza Ubelgiji, na mwaka 2000 ukahamia Morogoro. Panyabuku alichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka kirahisi. Ana pua kali zaidi kuliko macho yake. Akifugwa huweza kuishi hadi miaka minane, kwa hiyo gharama ya kumfundisha inarudi. Na uzito wake ni kilo moja na kitu, mdogo mno kulipua bomu lililotegewa mguu wa mtu.

Mafunzo yanaanza mapema. Mtoto wa panya hufungua macho akiwa na wiki nne hivi, na mara anapoachishwa kunyonya walezi huanza kumzoesha: kushikwa, kubebwa, sauti za watu, magari, nyasi, jua. Hapo hafundishwi harufu yoyote. Anafundishwa tu kwamba dunia haimtishi, kwa sababu panya mwenye hofu hanusi, anatafuta pa kujificha.

Halafu unakuja mlio. Mkufunzi ana kijidude mkononi kinacholia "tik" kikibonyezwa. Kila kinapolia, panya anapata chakula kidogo, kwa kawaida ndizi iliyopondwa na karanga. Siku si nyingi panya anaujua mlio huo: ukilia, chakula kinakuja. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini yote yanayofuata yamesimama juu yake.

Tuseme panya ananusa kifuko chenye harufu ya baruti ya TNT na mkufunzi anataka kumtuza. Mpaka mkono ufike na ndizi, sekunde mbili zimepita. Katika sekunde hizo panya ameshageuza kichwa, amejikuna, amesogea. Ukimpa ndizi wakati huo umemtuza kwa kujikuna. Mlio hauchelewi hivyo. Unalia pua ikiwa bado juu ya harufu, na panya anajua ni kitendo gani hasa kilichomletea ndizi, hata kama ndizi yenyewe iko mbali naye. Baadaye, akiwa uwanjani mita kadhaa kutoka kwa mwalimu, mlio huo humwambia kwamba amepatia, naye hukimbia kufuata malipo yake. Mkufunzi anayechelewa kubonyeza kwa nusu sekunde anafundisha kitu kingine kabisa bila kujua.

Levo zinapanda kwa mpangilio huu. Kwanza harufu ya TNT ndani ya kichungio cha chai cha chuma, kile cha duara. Kisha vichungio kadhaa, kimoja tu chenye harufu, na panya hapati kitu kwa vile vingine. Kisha harufu inafukiwa kwenye mchanga. Kisha anatolewa nje kwenye uwanja wa mazoezi wa Morogoro, penye mabomu halisi yaliyoondolewa uwezo wa kulipuka na kufukiwa ardhini. Jeshi la Wananchi limesaidia kazi hiyo. Panya anavishwa mkanda uliounganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya waongozaji wawili, anapita mstari kwa mstari, na akinusa kitu anaparua udongo. Tangu siku ya kwanza hadi kufuzu ni miezi tisa hadi mwaka.

Mtihani wa mwisho ndio unaonivutia zaidi. Waongozaji wa panya siku hiyo hawajui mabomu yamefukiwa wapi. Wangejua, kamba ingewasaliti: mtu anayejua jibu hukaza mkono kidogo, hupunguza mwendo, hushika pumzi, na panya husoma vyote hivyo. Kwa hiyo ramani anakaa nayo mtu mwingine. Panya hatakiwi kukosa hata bomu moja, na idadi ya mara anazoruhusiwa kuparua pasipo na kitu ni ndogo sana. Asiyefaulu anarudi mazoezini. Kubebwa na wenzake wa levo 25 hakupo.

Hapo ndipo wengi wanaoandika habari za panya hawa huishia, kwa picha ya mnyama mwenye mkanda mwekundu. Nadhani ugumu wenyewe unaanzia hapo. Panya aliyefuzu akipelekwa kwenye uwanja wa kweli, nani atajua kama amepatia?

Kwenye mazoezi mkufunzi ana ramani. Kwenye uwanja wa vita wa zamani hakuna ramani, ndiyo maana panya ameletwa. Panya anaparua, na palipoparuliwa panawekwa alama ili mtu aje baadaye kukagua kwa kifaa. Ukibonyeza mlio papo hapo na kumbe hapakuwa na bomu, umemlipa kwa kosa. Ukifanya hivyo mara kadhaa, panya atajifunza kwamba kuparua popote kunalipa, na mafunzo yote ya mwaka mzima yanayeyuka. Usipombonyezea kabisa, anaparua na kuparua bila malipo, na mnyama yeyote anayefanya kazi bila malipo mwisho huacha. Watafiti waliofanya kazi na APOPO, akiwemo mtaalamu wa tabia Alan Poling wa Chuo Kikuu cha Western Michigan, wameliandika tatizo hili waziwazi, na utaratibu uliofuatwa ni wa tahadhari: katika uwanja halisi panya halipwi kwa kukisia. Anarudishwa mara kwa mara kwenye uwanja ambao jibu lake linajulikana, anapimwa, analipwa pale. Makali yake yananolewa huko.

Kwenye kazi yao nyingine, ya kunusa kifua kikuu, APOPO wamepata njia nzuri zaidi, na kwangu huu ndio ufundi mkubwa kuliko yote waliyofanya. Tangu mwaka 2007 panya wa Morogoro wamekuwa wakikagua makohozi kutoka vituo vya afya. Sampuli, ambazo kwanza hupashwa moto ili kuua vimelea, hupangwa kumikumi chini ya matundu ya kizimba cha kioo. Panya anapita tundu kwa tundu, na penye ugonjwa anakaza pua kwa sekunde tatu hivi. Sampuli 100 zinamchukua dakika 20, kazi ambayo mtaalamu wa maabara anaifanya kwa siku nne. Sasa, ndani ya mstari huo wamechanganya sampuli ambazo kituo cha afya kilishathibitisha kuwa zina ugonjwa. Panya akizisimamia hizo, mlio unalia na ndizi inatoka. Akisimamia sampuli ambayo kituo kilisema ni safi, halipwi, lakini sampuli hiyo inapelekwa kwenye darubini kukaguliwa upya. Hapo ndipo wagonjwa waliopitwa wanapatikana, na APOPO inasema katika vituo inavyoshirikiana navyo idadi ya waliogunduliwa imeongezeka kwa karibu asilimia 40.

Angalia uzuri wake. Panya hajui ipi ni ya kujaribiwa na ipi ni ya kweli. Kila siku ya kazi ni siku ya mtihani, na malipo yanatoka kwa majibu yanayojulikana tu. Uwanja wa mabomu hauna urahisi huo, kwa sababu huwezi kwenda kufukia mabomu ya mazoezi katikati ya mabomu ya kweli. Badala yake imewahi kujaribiwa kuweka vitu vyenye harufu ya TNT mahali panapojulikana, ili panya awe na cha kulipwa akiwa kazini.

Matokeo ya ukali huu yanaonekana. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia, alipata nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amegundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, akafa Januari 2022. Ronin, aliyefanya kazi Kambodia kuanzia Agosti 2021, amempita: mabomu 109 na vilipuzi vingine 15 kufikia Februari 2025. Panya anakagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua siku nne, kwa sababu kifaa hulilia kila msumari na panya hana habari na msumari.

Mwaka 2024 APOPO walitangaza matokeo ya levo mpya: panya wanaotambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo, hata vikifichwa ndani ya vitu vingine vyenye harufu kali. Wanavaa kifulana chenye kijipira kifuani, na wakinusa wanakivuta kwa mikono yao midogo, kinalia. Walijaribiwa bandarini Dar es Salaam.

Habari hii inaihusu Kagera moja kwa moja. Shehena za Rwanda na Burundi zinapita Nyakanazi na Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, kisha zinagawanyika kwenda Rusumo na Kabanga, wilaya ya Ngara, na njia yenyewe iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ikiwa siku moja panya wataletwa kwenye mipaka hii, watu watauliza wako wangapi na wanagharimu kiasi gani. Mimi ningeuliza kwanza ni nani, kila asubuhi kabla ya lori la kwanza, atakayeficha gamba moja la kakakuona mahali anapopajua yeye peke yake. Bila mtu huyo, panya atafika Rusumo akiwa hodari, na baada ya wiki chache za kupita kwenye mizigo misafi bila mlio hata mmoja, ataanza kusahau alichofundishwa Morogoro kwa mwaka mzima.