Mtunzi na Hiari ya Mhusika: Uhakiki wa "Swan Song"

Swali moja kongwe katika nadharia ya usimulizi ni hili: mhusika ana hiari kiasi gani mbele ya mtunzi wake? Aghalabu swali hili huulizwa kuhusu riwaya. Makala haya yanalichunguza katika tamthilia ya televisheni ya Marekani, Supernatural, iliyoonyeshwa kwa misimu 15 kati ya 2005 na 2020. Tunajikita katika sehemu ya mwisho ya msimu wa tano, "Swan Song", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Mei 2010. Tunashikilia kwamba uamuzi wa Sam Winchester unabaki kuwa wake, hata baada ya misimu iliyofuata kumfichua msimulizi kuwa ndiye Mungu wa ulimwengu ule.

Sam na Dean ni ndugu wanaowinda mapepo. Katika msimu huu kiyama kimewadia, na malaika wamekwisha kupanga: Lucifer amwingie Sam, Michael amwingie Dean, kisha wapigane hadi mmoja afe. Mwangwi wa Kaini na Habili haujifichi. Dean anakataa, na nafasi yake inachukuliwa na Adam, ndugu yao kwa baba. Sam anamkubali Lucifer kwa hila: anakusudia kumdhibiti kutoka ndani, kisha atumbukie naye katika kizimba alimofungiwa zamani. Hila inashindwa. Katika makaburi ya Stull, jimboni Kansas, Lucifer anawaua Castiel na Bobby, kisha anampiga Dean kwa mikono ya Sam.

Kilele kinatokana na kitu duni kabisa. Mwanga wa jua unamulika gari lao, na Sam anamwona askari wa plastiki aliyemkwamisha utotoni katika kisahani cha majivu ya sigara. Kumbukumbu zinamjia kwa kishindo. Anaurejesha mwili wake, anafungua kizimba, na kuanguka humo pamoja na Michael. Dean naye hajajitetea. Amemhakikishia tu nduguye kwamba yupo na hatamwacha. Mhakiki mkali ataiita hali hii uliaji wa kupita kiasi. Lakini Aristotle, katika Poetics, alikemea suluhisho linaloshushwa kutoka nje ya msuko, na hili halikushushwa. Limeandaliwa mapema, pale msimulizi anapoeleza historia ya gari hilo, Chevrolet Impala ya 1967, na kumtaja askari huyo.

Hapo ndipo tatizo letu linapozuka. Msimulizi ni Chuck Shurley, nabii mlevi anayeandika riwaya kuhusu ndugu hawa. Katika msimu wa 11, mwaka 2016, inathibitika kuwa yeye ni Mungu. Mwishoni mwa msimu wa 14, mwaka 2019, anageuka kuwa adui aliyekuwa akijiburudisha kwa mateso yao. Je, askari yule ulikuwa mtego wa mtunzi, na Sam karagosi tu?

Tunajibu kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya kifani. Chuck anaifungua sehemu na kuifunga kwa sauti yake, lakini mapambano yanapofikia kilele makaburini sauti hiyo imenyamaza. Tunachopewa ni mfululizo wa kumbukumbu za Sam, kwa mtazamo wa Sam. Kukitaja kitu si kukisababisha kitende kazi. Ya pili ni ya kimaudhui. Katika msimu wa 15, mwisho anaoutamani Chuck ni ndugu amwue ndugu. Ikiwa hayo ndiyo mapenzi yake, basi huko Stull yalikwisha kukataliwa miaka kumi kabla. Ufunuo wa baadaye haukifuti kitendo cha Sam. Unakipa uzito zaidi, kwani sasa tunajua alikuwa akimpinga nani.

Hata hivyo, sehemu hii ina dosari. Baada ya Sam kutumbukia, Castiel anarudi akiwa hai, anamponya Dean na kumfufua Bobby. Kisha, Dean akiwa mezani kwa Lisa kama alivyomwahidi nduguye, Sam anaonekana nje chini ya taa ya barabarani. Eric Kripke alikuwa ameibuni hadithi yake kwa misimu mitano, lakini msimu wa sita ulikuwa umekwisha kuidhinishwa. Hivyo tanzia inalazimishwa kuwa utangulizi, na maombolezo yanakatizwa kabla hayajaanza. Huku ndiko kushusha suluhisho kutoka nje.

Lakini miujiza hiyo inafuata uamuzi, haiuamui. Inaweza kupunguza gharama aliyolipa Sam, lakini haiwezi kumpokonya hiari aliyoilipia. Kwa mhakiki wa usimulizi, funzo ni kwamba uwezo wa mtunzi usipimwe tu kwa yale anayoyasema, bali pia kwa pale anaponyamaza na kumwachia mhusika nafasi ya kutenda.