Ubaridi wa Kadiri

Anayemjua mhimilishaji wa ng'ombe anaujua na mtungi wake: ndani mna naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mbegu za dume ambaye huenda alishachinjwa miaka mingi iliyopita. Ni kazi kubwa. Ila ninayetaka kumsifu hapa ni fundi mwingine, asiyesimamisha uhai bali anaupunguzia mwendo. Huyu huhifadhi mbegu za kondoo dume kwa ubaridi wa kadiri tu, nyuzi 15 au 5 za Selsiasi, na muda alionao ni wa saa, si wa miaka.

Kwa nini asigandishe, amalize? Sababu iko kwa kondoo jike. Shingo yake ya kizazi ni nyembamba, imepindapinda, ina vikunjo visivyolingana, na mara nyingi mrija wa mhimilishaji huishia pale mlangoni. Njia iliyobaki mbegu zitaipita zenyewe. Zilizogandishwa na kuyeyushwa, hata zile zilizopona, huwa zimechoka na haziishi muda mrefu, ndiyo maana kwa kawaida hulazimu kutoboa tumbo na kuzifikisha moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi. Zilizopozwa vizuri bado zina nguvu za kupita.

Lakini kupoza vizuri kuna kazi. Dume hutoa shahawa kiasi cha mililita moja, nzito, zenye mbegu zaidi ya bilioni tatu. Fundi huweka tone kwenye kioo kilichopashwa moto na kuinama juu ya hadubini. Haoni mbegu mojamoja. Anaona mawimbi meusi yanayozunguka, yanavunjika, yanaanza upya. Kwa kasi ya mawimbi hayo anajua kama dume wa leo anafaa. Kila kinachogusa shahawa hizo lazima kiwe na joto lake, kuanzia kioo hadi kimiminika cha kuongezea. Utando unaoifunika mbegu umejaa mafuta, na mafuta hayo hubadilika kwa baridi kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya kipupwe. Baridi ikija ghafla, utando huvuja, mkia hujikunja, na mbegu inabaki kuzunguka palepale. Ukiipasha moto tena, haiponi.

Basi haraka haina nafasi. Mrija wenye shahawa huzamishwa kwenye bilauri ya maji ya joto lilelile, na bilauri nzima ndiyo inayoingia kwenye friji, ili maji yapoe polepole na mbegu zipoe pamoja nayo. Kufika nyuzi 5 huchukua saa moja na nusu, hata mbili. Kinachozilinda ni vitu vya jikoni: kiini cha yai la kuku, au maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa mafuta. Maziwa nayo hupashwa hadi nyuzi 90 na kitu kwa dakika kama kumi, kwa sababu yakiwa mabichi yana protini inayoua mbegu. Sijui ufundi mwingine unaodai subira kiasi hiki asubuhi, kisha mbio kiasi kile mchana.

Mbio hizo ukitaka kuziona, nenda kusini mwa Ufaransa, nchi ya jibini la Roquefort, ambalo kwa sheria hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo. Kondoo wao ni Lacaune. Dume hakamuliki, kwa hiyo thamani yake katika maziwa hujulikana kwa mabinti zake, na mabinti hao lazima wazaliwe kwenye makundi mengi, kwa wafugaji wengi. Hapo ndipo uhimilishaji unapohitajika. Mbegu milioni 400 hutiwa katika mrija wa robo mililita, zikakaa kwenye nyuzi 15, na gari linaondoka. Kondoo majike wameshapangwa: sifongo zenye homoni zimetolewa ukeni, na takriban saa 55 baadaye ndiyo zamu yao. Ratiba haimngojei dereva.

Mwaka 1936 Arthur Walton wa Cambridge na Prawocheński wa Poland waliandika jinsi shahawa za kondoo zilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uingereza hadi Poland, na wana-kondoo wakazaliwa. Miaka imepita, na siku moja bado ina gharama kubwa: zikiwekwa kwenye shingo ya kizazi, uwezo wa kutungisha mimba hushuka kwa asilimia 10 hadi 35 kila siku ya kukaa. Watafiti wanajaribu vizuia-oksidishaji, wanabadilisha sukari, wanapima tena. Nawaombea kwa dhati. Siku moja ya ziada ingemfikia mfugaji aliye mbali na kituo cha madume, ambaye mtungi wa naitrojeni na daktari wa kutoboa tumbo hawezi kuwalipia.