Kutoka Kuvuta hadi Kuzunguka: Uhakiki wa Maana na Asili ya Neno la Kiingereza "Spin"

Kitenzi cha Kiingereza "spin" hufasiriwa kwa wepesi kuwa ni kuzunguka kwa kasi. Fasiri hiyo inatosha kwa matumizi mengi ya leo. Kasoro huanza pale inapochukuliwa kuwa maana ya msingi, na kusokota uzi kukahesabiwa kuwa tawi lake. Mpangilio huo hupindua historia ya neno.

Katika Kiingereza cha Kale umbo lake lilikuwa "spinnan", nalo lilimaanisha kuvuta nyuzinyuzi za sufu au kitani na kuzipota hadi ziwe uzi. Kijerumani na Kiholanzi vina "spinnen" yenye maana hiyohiyo. Wanaetimolojia hulihusisha neno hili na mzizi wa Kihindi-Kiulaya wenye dhana ya kuvuta na kunyoosha. Maana ya kuzunguka ilijitokeza katika karne ya 17, baada ya kitenzi kutumika kwa karne nyingi bila hiyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni buibui. Jina lake la Kiingereza, "spider", limetokana na kitenzi hikihiki, kama lilivyo "Spinne" la Kijerumani. Buibui hazunguki, huvuta uzi kutoka mwilini mwake. Anayeshikilia kuwa mzunguko ndio kiini cha neno hana namna ya kulieleza jina hilo. Wala hoja ya gurudumu la kusokotea haimsaidii, kwa kuwa chombo hicho kilienea Ulaya kuanzia karne ya 13 hivi, kitenzi kikiwa tayari kikongwe. Kabla yake msokotaji alitumia kijiti chenye kizito, akakining'iniza na kukizungusha kwa vidole. Kilichozunguka ni kifaa, na jina la kazi likahamia kwenye mwendo wa kifaa. Badiliko hilo ni metonimia, si sitiari: hakuna mfanano baina ya uzi na mzunguko, bali ujirani wa vitu katika kazi moja.

Kazi yenyewe ilikuwa zaidi ya wanawake. "Spinster" lilimtaja kwanza msokotaji; kufikia karne ya 17 lilikuwa istilahi ya kisheria ya mwanamke asiyeolewa, kisha likabeba kejeli. Uingereza na Wales ziliacha kulitumia katika rejesta za ndoa mwaka 2005. Hivyo kitenzi kiliposahau uzi, nomino iliendelea kuukumbuka, lakini kwa gharama ya wasokotaji. Fizikia imekwenda mbali zaidi: "spin" ya elektroni, iliyopendekezwa na George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit mwaka 1925, leo haichukuliwi kuwa mzunguko halisi wa kitu.

Suala hili lina uzito kwa mfasiri wa Kiswahili. Katika Mathayo 6:28, Biblia ya Union Version imetumia "sokota", uteuzi usio na dosari. Ugumu uko katika habari za siasa, ambako tangu miaka ya 1980 "spin" imekuwa ustadi wa kulipa jambo sura inayomfaa msemaji. "Zungusha" huvutia kwa kuwa linafanana na maana ya kamusi, lakini kumzungusha mtu kwa Kiswahili ni kumpa ahadi za njoo leo, njoo kesho. "Potosha" nalo, ambalo kwa umbo liko karibu na "pota" la kusokota, linahukumu kupita kiasi: linadai kuwa kilichosemwa si kweli. Maana ya kisiasa inaelekea kutokana na mpira unaopigwa kwa kuzungushwa ili ukate upande. Mpira ni uleule, njia yake ndiyo iliyobadilika. Kwa matumizi hayo "pindisha maelezo" linakaribia zaidi, ingawa halina mzunguko wowote ndani yake.