Pongezi kwa Wanaokaa Mkekani

Kakontwe, hapa Likasi, inajulikana kwa mawe ya chokaa. Wanajiolojia walioyapima wameyapa jina la Kakontwe. Mimi nawapongeza wapimaji wengine: watafiti wa elimu ya watoto wadogo. Mtafiti huketi mkekani asubuhi nzima, kimya, akiandika kila anachokiona: mwalimu amemwuliza mtoto swali gani, amemsubiri ajibu au amemkatiza, vitu vya kuchezea vipo mkononi au vimefungiwa kabatini. Ni kazi ya subira kubwa, na sifa zake ni haba mno.

Mkenya Peter Mwaura na wenzake walifanya utafiti wa chekechea Kenya, Uganda na Zanzibar. Mwaka 2008 walichapisha matokeo: waliosoma chekechea walikua zaidi kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wa chekechea za Madrasa, zilizoanzia Mombasa, waliwazidi wenzao wa chekechea nyingine.

Ushahidi wa namna hiyo tunauhitaji hapa Katanga pia. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali Kongo ni bure, lakini maternelle, yaani chekechea, haikuingizwa. Mchuuzi wa Kakontwe mwenye mtoto wa miaka 4 bado analipa, au anamwacha kwa dada mkubwa wa mtoto huyo, ambaye naye angepaswa kuwa darasani.